Mkono wa Kushoto wa Mwanasesere

…na mkono wenyewe wa nguo hauingii, haukatai moja kwa moja wala haukubali, unajitia hamnazo tu kama huyo aliyeuleta, na si kwamba Mwanasiti hajui kazi, kichwa cha mkono siku zote hukatwa kikubwa kuliko tundu la bega, hilo ni lazima, bila hivyo aliyevaa hawezi kuinua mkono akajikuna kisogo, na ule ukubwa ndio fundi anaoubembeleza, anausukuma kwa kidole gumba, anaugawa kidogo huku na kidogo kule mpaka unajificha ndani ya mshono na hakuna anayejua kwamba ulikuwepo, lakini mtu mzima ana bega la kubembelezea, mwanasesere hana, nguo nzima haizidi kiganja, ukichomeka pini upande huu ya upande wa pili inachomoka, inakuchoma, alilamba damu kidoleni, akatazama kama imedondokea kitambaa, haikudondokea, na kwenye kiti cha dirishani mumewe Idarus alifunua ukurasa wa gazeti, kisha mwingine, upesi mno, gazeti gani hilo linalosomwa mbio namna hiyo, mtu aliyezoea kulisoma mpaka matangazo ya vifo vya watu asiowajua, leo anayapita yote kama yanamuunguza vidole… "Wasumbua?" aliuliza bila kuinua uso, na Mwanasiti akajibu, "Hausumbui," ingawa ulikuwa unasumbua, kwa sababu hakutaka kumpa hata hilo. Jumamosi zote baada ya adhuhuri Maalim Idarus hutoka, husema anakwenda chuoni kupanga masomo ya Kurani ya wiki, na chuo chenyewe kiko mjini, katikati ya maduka na lami, hakuna udongo huko, ila viatu vyake hurudi na udongo mwekundu unaong'ang'ania soli kama unga wa ngano mbichi, udongo ambao hapa Parklands penye lami haukanyagwi na mjini haupo, Mwanasiti huupangusa kwa kitambaa kibichi Jumapili asubuhi na hasemi kitu, na mfukoni mwa koti huwa mna maganda ya peremende, zile za rangi rangi zinazouzwa kwenye vibanda, mwanamume mwenye kisukari cha kutisha anakula peremende za watoto tangu lini, na tena anarudi amechangamka, anaomba chai kwa sauti ya kijana, basi hapo mwanamke mwenye akili timamu afikirie nini, afikirie alichofikiria yeye, kwamba kuna mke wa pili, na mke huyo ana mtoto, na yuko upande wa magharibi huko ambako lami inaishia, pengine Kangemi, pengine mbele zaidi, na leo Jumamosi, haya hana, Maalim amerudi mapema na mfuko wa karatasi, amemtoa ndani yake mwanasesere wa matambara, macho ya uzi mweusi, nywele za sufi, kanzu ndogo nyeupe, na mkono mmoja wa kanzu umechomoka begani unaning'inia, akasema, "Mama Prabha kanipa hapo ngazini, wa mjukuuwe huyu, nimemwambia kwetu kuna fundi," akaketi, akafungua gazeti, na haondoki hapo. Mama Prabha. Mama Prabha wa nyumba ya chini ambaye kila siku ya Mungu yuko jikoni kwake mara nne, kuomba bizari, kurudisha bakuli, kulalamikia mgao wa maji, huyo ampe Maalim mwanasesere ngazini, Maalim ambaye akikutana naye huinamisha macho mpaka kidevu kinagusa kifua, haiwezekani, ila amelisema kwa utulivu wa kufundisha watoto, na hapo ndipo ghadhabu ilipompanda Mwanasiti, ghadhabu ya kweli, kwamba si tu ameoa, si tu ana mtoto kule kwenye matope, bali anamletea mke mkubwa nguo ya mwanasesere wa mtoto wa mke mdogo aishone, na aishone vizuri, mikono ikae sawa…

Na angeishona, ndilo lililokuwa likimuudhi zaidi, mkono wake haukujua kushona vibaya hata kwa adui, alizitoa pini zote akaanza upya, akashika mkono ulioning'inia akauzungusha, akatafuta pale katikati ya kichwa panapopaswa kukutana na mshono wa bega, akapashika, akashuka kwa mbele, kitambaa kikamzidi, akashuka kwa nyuma, kikampungukia, hapo kuna jambo, hapo si mkono mkaidi tu, na alikuwa yu karibu kuliona jambo lenyewe mlango ulipogongwa na kufunguliwa kwa pamoja, ndivyo agongavyo Mama Prabha, sari yake ya nyumbani imekunjwa kiunoni, ndoo tupu mkononi, "Mama Zainab! Maji yako iko? Yangu hapana toka kabisa, tangu asubuhi mimi nangoja," na lile jina likaanguka katikati ya chumba, jina ambalo katika nyumba hii halitajwi, Mama Prabha husahau kila mara, ama hujifanya kusahau, Mwanasiti amemshuku kwa hilo pia, gazeti la Idarus likatikisika kidogo likatulia, "Yapo kidogo, chota pale kwenye pipa," alisema Mwanasiti, na Mama Prabha akachota, akarudi, akasimama juu ya meza ya kushonea na ndoo yake inadondosha maji juu ya sakafu, "Aré, doli! Mzuri kabisa. Ya nani hii?" Ya nani. Ya nani! Mwanasiti hakuinua kichwa, aliacha swali lizunguke chumbani lenyewe, lifike dirishani, akasikia kiti kikilia, akamsikia Idarus akikohoa kikohozi kisichokuwa na makohozi, "Ya mtoto wa mtu," alisema Maalim, "Mtoto gani?" alisema Mama Prabha, kwa sababu yeye hana breki, "Wa mtu tu, bibi, wa huko mjini," na Mama Prabha akasema haya, asante kwa maji, kesho mimi naleta chapati ya bataata, akashuka, na ngazi zikanyamaza, na ndani wakabaki wawili na uongo uliovuliwa nguo mchana kweupe, na hakuna aliyeuokota. Sasa atasema, alifikiri, sasa atakunja gazeti aseme Mwanasiti, mke wangu, kuna jambo, wanaume wa kwao husema hivyo, mke wangu kuna jambo, babake mwenyewe aliwahi kulisema kwa mamake kule Lamu, mama akiwa ameshika chano cha mchele, akaendelea kuuchagua mchele mpaka mwisho… lakini Idarus alifunua ukurasa, na redio ya nyumba ya juu ilikuwa inatoa salamu za wasikilizaji, fulani wa Machakos anamsalimu fulani wa Voi, na hekaluni ng'ambo ya barabara kengele ililia, na yeye, kwa kukosa la kufanya na mikono, alimvua mwanasesere kanzu yake yote, akaipindua ndani nje.

Hapo ndipo alipoliona. Mikono ilikuwa imebadilishwa. Wa kulia umetiwa kushoto, na huu uliochomoka, wa kushoto, ulikuwa kulia, ndiyo maana ukampinga, kwa sababu mkono una mbele na nyuma, nyuma hukatwa pana kidogo kwenye upinde, mafundi wengi wa nguo za wanasesere hawajali, hukata mviringo tu wakamaliza, nani atamkagua mwanasesere, ila aliyeikata hii alijali, aliikata ikawa na mbele na nyuma kama ya mtu, kisha akaitia kinyume, na huo ni upuuzi, ajuaye kukata hivi hawezi kukosea kutia, labda… na labda yenyewe ikaishia hapo, kwa sababu jicho lake lilikuwa limeshateremka kwenye mshono wa bega zima, lile lisilochomoka, na mishono ilikuwa imelala. Mishono yote ililala upande usio wake. Kila mtu ashonaye kwa mkono wa kulia mishono yake hulalia upande mmoja, kama nyasi zilizopitiwa na upepo, unaweza kuifumua nguo ya mtu aliyekufa ukajua alishika sindano vipi, na hii ililala upande mwingine kabisa, midogo, ya karibu karibu, na kila baada ya kipande ilirudi nyuma mara moja kujifunga, na Mwanasiti alimjua mtu mmoja tu katika dunia hii aliyeshona hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, jikoni, mlango umefungwa, na kukosea kwa mtu huyo siku zote kulikuwa kuko huku huku, kila afundishwapo kwa mkono wa kulia naye akafuata kwa wa kushoto, mikono ya nguo ikabadilishana, kila mara, mpaka wakicheka wote wawili, mwanasesere wako anarudi kinyumenyume Zainab, na hilo jina alilisema moyoni kwa sauti kubwa hata akamtazama mumewe kama amelisikia… hakulisikia. Zainab alizaliwa mwenye mashoto. Mkono wake wa kushoto ulitangulia kila kitu, ulitangulia titi, ulitangulia kijiko, na alipofika umri wa chuo ulitangulia kalamu, na mwalimu wa chuo alikuwa babake, basi Maalim akaufunga kwa utepe wa kitambaa kiunoni, si kwa ukali, alisema, kwa kumtakia mema, mwaka mzima mtoto alikwenda na kurudi ana mkono mmoja kama birika, akajifunza kuandika kwa kulia na kula kwa kulia, Idarus akasema umepona, na jioni mama alimfungulia utepe jikoni akampa sindano, shona upendavyo, baba yako haingii jikoni. Sheria yao ilikuwa moja. Mkono ukikaa vibaya mama hakuutengeneza, alipitisha juu yake uzi mwekundu, bandi ndefu tatu za haraka, mishono ya kushikiza tu, akairudisha nguo, na uzi mwekundu maana yake ilikuwa fumua mwenyewe, kisha urudi unionyeshe. Urudi unionyeshe. Mwanamke mzima sasa, anayekata upinde sawasawa namna hii, hakosei tena kosa la mtoto wa miaka saba, asipotaka.

Aliweka sindano chini. Akaishika tena, kwa sababu Idarus angeona kwamba ameiweka. Na shaka ikageuka ndani yake ikawa mbaya kuliko ile ya kwanza, mke wa pili hakuwa kitu, mke wa pili ni watu wangapi wameishi naye, hii ilikuwa kiapo, kwani siku ile, mwaka themanini na tano, mvua inanyesha, Zainab aliporudi kutoka kwa kadhi ameolewa na Wambua, yule kijana wa kiwanda cha kuchapisha cha River Road, baada ya babake kumkataa, na kumkataa tena alipokwisha silimu, eti kasilimu kwa ajili ya msichana huyo, si kwa ajili ya Mungu, kadhi akasema baba hana sababu akawaoza, Idarus alisimama pale pale kwenye kapeti, kofia mkononi, akasema maneno kwa mpangilio kama asomaye kitabu, "Mwanasiti, ukikanyaga kwake, au akikanyaga hapa ukasema naye, basi wewe umetalikiwa," na hayo maneno hayarudi, Maalim mwenyewe ndiye anayewafundisha watu kwamba hayarudi, mume akiitundika talaka kwenye jambo basi inaning'inia hapo, siku jambo likitokea talaka imeanguka, hata akijuta, hata akilia, na Mwanasiti hakukanyaga. Hakukanyaga! Alisikia kwamba wako Kangemi, akasikia kwa mtu sokoni kwamba Zainab anashonea watu sare, akasikia, akafika mara moja mpaka stendi ya magari ya Westlands na kikapu, akasimama, akarudi, kwa sababu angekwenda wapi akitalikiwa, na umri huu, arudi Lamu kwa kakake akae kwenye kibaraza cha wake za watu, na zaidi ya hilo, aliona haya kulikiri, alikuwa bado anampenda mtu huyu wa gazeti. Sasa basi. Nguo ya Zainab imo mkononi mwake na aliyeileta ni mwenye kiapo. Kwa nini. Anamjaribu, ndiyo, ni mtego huu, amechoka naye, amepata huko kwenye udongo mwekundu mwanamke wa peremende, na mwanamume mcha Mungu hataki kumwacha mke bila sababu watu wakamsema, anataka aachike mwenyewe, atampa nguo, aitambue, apige yowe, avae buibui akimbilie Kangemi, na mlango ukifungwa nyuma yake talaka imeshaanguka na Maalim mikono yake misafi, ndiyo maana haondoki, ndiyo maana anasoma gazeti mbio, anamvizia… na akakaza uso, akafumua mshono wa bega zima uzi kwa uzi, taratibu, uso wa mwanamke anayefumua nguo ya mtoto wa mtu, hunipati, alifikiri, hunipati kwa hili. Ila kuna kitu kimoja hakikukaa. Mashoto. Idarus alikwisha sema umepona, hajui kwamba binti yake alishona kwa kushoto, jikoni hakuingia hata siku moja, kwa hiyo hajui kwamba mishono inasema, na mtu hategi mtego kwa chambo asichokijua… ama anajua, ama ameona huyo binti akishona, na angemwona wapi.

Angemwona wapi? Aliigeuza nguo kutafuta pa kutua macho, akaifuata chini kwenye pindo, na ndani ya pindo, palipokunjwa ili pasionekane, palikuwa na kiraka cha nyuzi, si kiraka hasa, palitililiwa, nyuzi zimepita juu na chini kama mkeka mdogo wa sentimeta moja, na kazi hiyo haikuwa ya mashoto, ililala upande wa kulia, ilikuwa kazi yake yeye mwenyewe, aliijua kama ajuavyo kucha zake, msumari wa mlango wa chuo ulichana kanzu ya Idarus ubavuni naye akaitililia usiku wa kuamkia Ijumaa akiulaani huo msumari, ile kanzu ya pamba laini ya Ijumaa, iliyofuliwa mpaka ikawa kama maziwa, ambayo mwaka juzi, mwezi wa Shaabani, ilipotea kwenye kamba, Idarus akasema wezi, akasema tena Parklands imeharibika, na Mwanasiti akamnunia Peres anayemsaidia Mama Prabha kazi mpaka idi… haikuibwa. Haikuibwa, kwa sababu kwa akina Idarus mtoto mchanga hapokewi kwa nguo mpya, nguo mpya haimjui mtu, hupokewa kwa kanzu ya babu yake iliyovaliwa ikalainika, anazungushiwa nayo huku akiadhiniwa sikioni, na akiwa mtoto wa kike, akishaanza kutambaa, kinachobaki cha kanzu hukatwa kikashonwa nguo ya mwanasesere wake wa kwanza, ndivyo Zainab mwenyewe alivyopokewa kwa kanzu ya babake Idarus, na kipande kilichobaki ndicho walichokikata pamoja jikoni, ndicho kilichotiwa mikono kinyume. Mwaka juzi Shaabani. Kuna mtoto. Kuna mtoto wa kike, ana mwaka mmoja na miezi, na babu yake alichukua kanzu kwenye kamba ya nyumba hii akaipeleka kwenye matope ya Kangemi, akainama akamwadhinia, lazima alimwadhinia, kwa sauti ile ile anayoamkia nayo alfajiri, na akarudi nyumbani akaketi kwenye kiti hicho hicho, akala wali, akasema wezi. Na yeye, bibi yake mtoto, alikuwa anachagua mchele.

Hakujua acheke au amrukie. Alimchukia, hilo alilijua bila shaka yoyote, alimchukia kwa Jumamosi zote hizo, kwa kila peremende, kwa kila alipomwona yeye akilia chooni maji yakiwa wazi akajifanya kudhani ni mafua, alijiachia mwenyewe nafasi kwenye kiapo chake, ukikanyaga wewe, ukasema naye wewe, hakusema mimi, Maalim hakujitia ndani ya maneno yake, ujanja gani huu wa mtu mzima. Lakini akiendelea kumchukia mambo mengine yalikuwa yanakuja yenyewe na kujipanga, bila yeye kuyaita, safari ile ya Mombasa baada tu ya kanzu kupotea, alipomshuku kwamba amekwenda kuposa, alirudi kimya, hakula siku nzima, akasema tu nilikwenda kumwona sheikh wangu wa zamani nikamuuliza swali, "Swali gani?" alimuuliza siku hiyo, "Swali la mtu," alijibu, "nimeambiwa halina njia," mtu gani, njia gani, sasa alijua ni mtu gani, alikwenda kuuliza kama neno linaweza kurudi akaambiwa lile lile alilokuwa akiwafundisha wengine, na tangu hapo amekuwa akilizunguka neno lake kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe, anajaribu madirisha. Ukikanyaga. Akikanyaga. Ukasema naye. Hakusema nguo isipite. Hakusema uzi. Mtu anayewahukumu watu kwa herufi za maneno yao alikuwa ameyapima ya kwake mpaka akapata mahali palipobaki wazi, padogo, panapopita mwanasesere. Ama yote hii ni yeye kujidanganya kwa kutaka sana, alijishuku hata hilo, alikuwa ameshuku vitu vingi mno muda mrefu mno hata furaha ilipokuja aliitafuta pindo… na njia ya kujua ilikuwa moja tu, aulize bila kuuliza.

"Huyo mtoto wa mtu," alisema, akiwa ameinamia bega la nguo, "ameshaanza kutembea?" "Atembea," alisema Idarus. "Ashika ukuta kwanza." Sauti yake haikuwa ya kufundisha. Mwanasiti alipitisha uzi kwenye tundu la sindano ukakataa, akaulamba, ukakataa tena. "Na kitu akikitaka," alisema, "akinyoosha, huanza kwa mkono gani?" na alijua kwamba ameuliza kila kitu, hakuna swali lingine lililobaki katika nyumba hii, na kama ni mtego basi ndio huo ameuingia kwa miguu yote miwili, akasubiri, na kutoka nyuma ya gazeti ambalo sasa halikufunuliwa ukurasa wowote Maalim Idarus bin Munir, aliyemfunga mtoto mkono kwa utepe mwaka mzima kwa kumtakia mema, alisema, "Wa kushoto," kisha, "Nimewaambia wamwache." Hapo machozi yakamjaa kweli, hayakumsubiri, alitazama chini ili yadondokee mapajani yasidondokee nguo, wamwache, amewaambia wamwache, hasira haikuondoka, ilisogea tu ikatoa nafasi kama mtu kwenye benchi, atakuwa na hasira hii mpaka idi na baada ya idi, na ataipika, na ataipakua kwenye sahani yake kidogo kidogo, haki yake, lakini kuna mtoto huko anayenyoosha mkono wa kushoto na hakuna anayemfunga. Mikono yote miwili ya kanzu ilikuwa mezani sasa, imefumuliwa, wa kushoto na wa kulia, angeweza kuibadilisha akaitia sawa kabla chai haijachemka, kubembeleza kichwa mbele, kubembeleza nyuma, kazi ndogo. Alifungua droo ya cherehani. Akasukuma kando nyeupe, akasukuma nyeusi, akatoa kibiringo cha uzi mwekundu.

Alirudisha mikono pale pale ilipokuwa, kinyume, ule wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, akapitisha juu ya kila bega bandi tatu ndefu za haraka, nyekundu kwenye kitambaa cheupe, haikuwa nzuri, haikukusudiwa kuwa nzuri, akakata uzi kwa meno. "Bado?" aliuliza Idarus. "Bado," alisema Mwanasiti. "Imekaa vibaya. Aliyeishona aifumue mwenyewe, kisha airudishe nione." Kiti cha dirishani kililia, na kwa mara ya kwanza tangu alasiri gazeti likashuka, akakiona kipara chake na miwani na macho yasiyojua pa kukaa, "Jumamosi ijayo?" alisema, kama mtu anayeomba ruhusa, na yeye akamvisha mwanasesere kanzu yake taratibu, akaizungusha mikono yake ya matambara iingie mahali pasipo pake, akamrudisha kwenye mfuko wa karatasi, akaukunja mdomo mara mbili usifunguke njiani. "Jumamosi," alisema. "Na hizo peremende umpunguzie, atatoboka meno."